Msituogopeshe Kabla Hatujauliza: Barua ya Wazi kwa Maadmini wa Magrupu ya Wakulima

Ndugu maadmini,



Nawaandikia ninyi mnaosimamia magrupu ya wakulima kwenye simu: ya nyanya, ya kuku, ya parachichi, ya viazi, ya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, na mengine ambayo nikiyataja yote nitamaliza ukurasa. Barua za namna hii kwa kawaida huelekezwa kwa Waziri wa Kilimo. Waziri ana barua za kutosha, na hili langu halihitaji bajeti wala kikao cha Bunge. Linawahitaji ninyi na dakika chache za jioni.

Nalisema mapema ili mwenye haraka asihangaike kusoma hadi chini. Mpokeeni mgeni mwenye haya kwa namna itakayomfanya aulize swali lake mapema, shamba likiwa bado linaokoleka. Wengi wenu mnalihesabu jambo hili kuwa la adabu, kwamba mgeni hukaribishwa kwa sababu ndio ustaarabu. Mimi nadai ni jambo la kilimo hasa, la kuwekwa fungu moja na kukagua kitalu na kuchagua mbegu. Mgeni asipouliza, hasara haikai kwake peke yake, na nitaeleza hapa chini ilivyonifikia mimi.

Kwa miaka kadhaa grupu la WhatsApp lilikuwa haliruhusiwi kuzidi watu 256. Mwaka 2022 kikomo kikapandishwa, kwanza 512, halafu 1,024. Magrupu yetu yakavimba. Lililokuwa la kata moja likawa la mikoa minne mitano. Wasemaji lakini hawakuongezeka. Fungueni grupu lolote mnalosimamia mtazame walioandika wiki hii: ni mwenye duka la pembejeo, kijana aliyetoka chuo cha kilimo cha SUA anayependa kutaja magonjwa kwa Kilatini, mzee mmoja mwenye majibu mazuri na ulimi mkali, wauza vifaranga, na yule ndugu yetu anayetuma picha ya maua na salamu za asubuhi kila siku iendayo kwa Mungu. Waliobaki, mamia kwa mamia, wanasoma na kunyamaza. Nimewahi kumsikia admini mmoja akiwaita mizigo, na akatangaza kwamba asiyechangia hadi Jumapili atatolewa.

Hao mizigo ni kina nani? Ni mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake kwenye ekari za parachichi huku hajui hata shimo linachimbwa kimo gani. Ni kijana aliyemaliza chuo, ajira hakuna, akaona ajaribu matikiti. Ni mama aliyeachiwa shamba na marehemu mume wake. Na msidhani wote ni wageni wa jembe. Wapo waliolima mahindi maisha yao yote, wanaoona haya kuuliza jambo dogo la zao jipya mbele ya watoto wa kuwazaa. Huyo wa mwisho ndiye mgumu kuliko wote kumfungua mdomo, maana ana heshima ya kulinda.

Zamani mtu wa namna hiyo alikuwa na bwana shamba. Bado yupo, simlaumu. Mwaka 2022 serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani ili wawafikie watu, na kweli tunaziona barabarani. Lakini vijiji ni vingi kuliko wao, na ugonjwa wa nyanya hausubiri zamu. Maonyesho ya Nanenane nayo ni mara moja kwa mwaka. Ukienda viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya utakuta wataalamu wamejipanga kwenye mabanda, wamevaa fulana mpya, na mbele yao kuna watu wanaopita wakichukua vipeperushi bila kuuliza neno. Kwa hiyo mtu anarudi nyumbani, anashika simu. Simu ndiyo imebaki kuwa mahali ambapo mwenye haya angeweza kuuliza bila kutazamwa usoni. Angeweza, kama si ninyi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi mnampa jembe saa ya kwanza, tena kwa sheria. Mtu akiunganishwa tu, anakutana na tangazo: jitambulishe jina kamili, mkoa, zao, ukubwa wa shamba, weka picha yako, usipofanya hivyo ndani ya saa 24 unaondolewa. Nawaelewa, mnawaogopa matapeli. Lakini jiwekeni kwenye nafasi ya mwenye robo ekari anayetakiwa kuandika “robo ekari” chini ya mtu aliyeandika “ekari hamsini na pampu ya sola”. Tapeli anajitambulisha vizuri sana, kazi yake ni kujitambulisha. Anayeshindwa ni mwenye robo ekari.

Sasa yangu.

Mimi nalima nyanya kwenye kinyungu cha mama yangu, upande wa Ilula, wilaya ya Kilolo. Kwa msiojua Iringa, vinyungu ni bustani za bondeni tunazolima kiangazi, pale unyevu unapobaki baada ya mvua kukatika. Nyanya ya Ilula haihitaji kutambulishwa kwa aliyewahi kupita barabara kuu ya kwenda Zambia, matenga ameyaona. Nilirudi nyumbani baada ya kazi ya mjini kuisha. Kilimo nilikuwa nakijua kwa kutumwa utotoni tu: lete ndoo, fukuza ndege, shika kamba. Mtoto wa shangazi akaniunganisha kwenye grupu la wakulima wa nyanya, na nilichofanya humo msimu mzima ni kusoma.

Kisha miche ya mstari ulio jirani na mfereji ikaanza kulala mchana. Jioni inaamka. Majani bado ni mabichi, hayana doa la bakajani, hayana njia za mdudu kantangaze ambazo hata mimi mgeni nilishajifunza kuzitambua. Baada ya siku kadhaa ikalala isiamke. Kwenye duka moja la pembejeo niliambiwa ni fangasi, nikauziwa dawa, nikapuliza, na mstari wa pili ukaanza kulala.

Swali langu nililiandika nikalifuta, nikaliandika tena nikalifuta. Mwishowe nililituma usiku, nikitegemea watu wamelala. Lilianza hivi: “Samahani wakubwa zangu, kama limeshaulizwa naomba mnisamehe.” Ukitaka kujua mtu amekaa kimya muda gani kabla ya kuuliza, hesabu maneno ya kuomba radhi yaliyotangulia swali lake.

Jibu la kwanza lilikuja upesi: jina la dawa, bei, na namba ya kulipia. La pili lilikuwa kikatuni cha mtu anayecheka, na chini yake “soma juu, tumeshajadili”. Nikaweka simu chini. Laiti mambo yangeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuwaandikia, na pengine nisingekuwa nalima. La tatu lilitoka kwa dada mmoja ambaye mpaka leo namjua kwa picha yake ya kitenge tu. Aliandika: “Kamwene dada. Pole na shamba. Usinunue kitu kwanza. Kesho ng’oa mche mmoja ulionyauka. Kata shina hapo chini karibu na udongo, kipande cha kidole. Jaza glasi maji safi, kishike hicho kipande kiguse maji, usitikise. Utuambie unaona nini. Tunakusubiri.”

Hilo neno “tunakusubiri” ndilo lililonitoa kitandani asubuhi kabla ya chai. Glasi niliiweka dirishani penye mwanga. Kwa muda kidogo hakikuonekana kitu. Halafu kutoka kwenye ukingo wa shina ukateremka uzi mwembamba wa rangi ya maziwa, ukanyooka hadi chini ya glasi bila kukatika, ukafuatiwa na mwingine. Nikapiga picha. Simu yangu si ya kujivunia, lakini uzi ulionekana.

Akanijibu kwa sauti, polepole, jogoo wake akiwika nyuma. Ule ni mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kupuliza, yeyote atakayeniuzia atakuwa anauza maji. Ungekuwa mnyauko fusari, majani ya chini yangeanza kuwa ya njano, mara nyingi upande mmoja, na glasi isingetoa kitu. Ning’oe miche iliyougua pamoja na udongo wa mizizini, niitoe nje ya shamba, nisiitupe mferejini. Kazi nianzie upande mzima nimalizie upande mgonjwa, jembe na viatu nivioshe. Pale palipougua nisirudishe nyanya, wala viazi mviringo, wala bilinganya, hoho na pilipili, maana ni ukoo mmoja na ugonjwa ni mmoja. Niweke mahindi. Na mnavu unaojiotea pembeni, mboga tunayoipenda sana huku, nao ni wa ukoo huo, kwa hiyo niung’oe. Ugonjwa huu hukaa ardhini miaka. Wapo wanaobebesha nyanya juu ya shina la bilinganya linalostahimili, na taasisi ya utafiti wa mboga ya World Vegetable Center yenye ofisi Arusha imeifanyia kazi njia hiyo, lakini akasema hilo tuliache, niokoe kwanza kilichosimama.

Halafu akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria kamwe: “Maji yako yanatoka wapi?”

Yanatoka kwenye mfereji. Mfereji unapita shamba la juu yangu, la mzee mmoja jirani, mtu wa watu, asiye na maneno mengi. Nikaenda kumsalimia. Nyanya zake zilikuwa zimeanza kulala siku nyingi kabla ya zangu. Alidhani ni jua. Miche iliyokufa alikuwa anaing’oa na kuisukumia kandokando ya maji, apate nafasi. Na sasa sikilizeni vizuri, ndugu maadmini: mzee huyo yumo kwenye grupu lilelile, aliunganishwa kabla yangu. Hajawahi kuandika neno. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba siku aliyoingia alitakiwa aweke picha, hakujua inawekwaje, akaona bora akae pembeni asije akafukuzwa.

Mnyauko bakteria husafiri kwa maji ya umwagiliaji. Mzee angeuliza, dada wa kitenge angemwelekeza glasi yake, na mimi huku chini ningeijua habari kabla ya miche yangu kuguswa. Ukimya wake uliteremka na mfereji. Ndiyo maana nakataa kuliita jambo hili adabu. Kila mwenye haya aliyeko kwenye orodha yenu yuko juu ya mfereji wa mtu fulani.

Mnaweza kusema hayo ni ya bonde moja Kilolo. Basi tutazame nchi nzima. Kantangaze, mdudu wa asili ya Amerika Kusini, aligunduliwa Tanzania mwaka 2014, na nyanya zetu hazijapumzika tangu hapo. Viwavijeshi vamizi vikaingia kwenye mahindi mwaka 2017. Wadudu wengine watakuja, mipaka yetu ni mipana na biashara haisimami. Mwingine akija, wa kwanza kumwona kuna uwezekano mkubwa asiwe mtafiti wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wala mkulima mkubwa mwenye ekari hamsini. Atakuwa mtu kama yule mzee, anayetazama jani na kudhani kasoro ni yake, kwamba amekosea mbolea au ameamka vibaya. Taarifa ambayo mamlaka ingeitafuta kwa gharama itakuwa imelala mfukoni mwake, kwenye simu, ndani ya grupu lako, na hatasema kwa sababu mara ya mwisho aliyeuliza alichekwa.

Kuhusu kucheka niseme kidogo zaidi, maana hapa ndipo mnapozembea. Mtu anaandika “narima” badala ya “nalima”, vijana wanaruka naye siku nzima. Mbegu haioti vizuri zaidi kwa sababu herufi zimekaa sawa. Mwingine anauliza jambo lililokwisha kuulizwa, anaambiwa “soma juu”. Asome juu wapi, kwenye meseji elfu tatu, kwa bando la nani? Tena majibu ya mwaka jana huenda hayamfai. Swali linaweza kuwa lile moja na udongo ukawa mwingine. Nyanya zinazooza kitakoni zinatosha kuonyesha hilo. Kijana mmoja wa Dumila alituma picha ya tunda lenye baka jeusi lililobonyea chini, akaelekezwa dawa ya fangasi na watu watatu mfululizo, wote kwa kujiamini. Mtu alipomuuliza anamwagilia mara ngapi ndipo ikajulikana: anamwagilia akikumbuka, siku nyingine mafuriko, siku nyingine ukame, na yurea ameweka ya kutosha mashamba mawili. Mmea ulikuwa unashindwa kufikisha kalsiamu kwenye tunda, fangasi hakuhusika. Tiba ilikuwa maji ya ratiba na matandazo ya nyasi. Hakuna aliyepata kamisheni kwa jibu hilo, na nadhani ndiyo sababu lilichelewa.

Wauzaji siwachukii. Nanunua kwao, na wengine wao wanajua mambo kuliko sisi. Lakini jibu lenye bei likitangulia swali la pili, huyo hakumkaribisha mgeni, alimwahi. Wekeni utaratibu kwamba muuzaji hasemi dawa mpaka ugonjwa uwe umetambuliwa na mtu mwingine, na akisema, aseme waziwazi kwamba anauza. Kiuatilifu kisichosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, TPHPA, kisitajwe kabisa humo. Mbegu isiyo na lebo ya TOSCI, wathibitishaji wa ubora wa mbegu, vilevile. Mgeni mwenye haya ndiye anayeuziwa takataka kirahisi kuliko wote, kwa sababu hataki kuonekana anasumbua kwa kuuliza mara mbili.

Akina dada wana lao, na maadmini wengi ni wanaume, kwa hiyo nalisema wazi. Ukiandika kwenye grupu namba yako inaonekana na kila mtu. Nimeuliza kuhusu mnyauko saa tatu usiku, kufika saa nne nina meseji ya pembeni: “Mambo mrembo, na mimi nalima, uko peke yako huko shamba?” Ni wangapi wameacha kuuliza kwa sababu hiyo, ninyi hamwezi kujua, maana hawatawaambia. Na wako wanaotumia simu ya mume, meseji kama hiyo ikiingia mkononi mwa mwenye simu, ugomvi wake si wa nyanya tena. Mkiletewa taarifa ya mtu wa namna hiyo msiunde kamati. Mtoeni siku hiyohiyo.

Sauti ziruhusiwe. Najua mmepiga marufuku ujumbe wa sauti kwa sababu watu wanahutubia, na bando linaisha. Wekeni kikomo cha dakika moja, lakini msiwafungie wasioandika haraka. Yule dada angetakiwa kuandika yote aliyoniambia angeniandikia mistari miwili tu, na mimi ningebaki na glasi yangu dirishani nikijiuliza maana yake.

Niseme na upande wa pili, msije mkadhani nataka sherehe. Kuna makaribisho yanayoua swali. Mgeni anaandika tatizo lake, zinashuka karibu sana, karibu sana ndugu, karibu mkulima mwenzetu, mikono ya kusalimiana, ngoma na vifijo, na swali linasukumwa juu mpaka halionekani. Asubuhi mgeni amekaribishwa na watu arobaini na hajajibiwa na yeyote. Afadhali mtu mmoja wa kumjibu kuliko hao wote. Dada wa kitenge hakuniambia karibu hata mara moja.

Ninachoomba ni kidogo. Kila grupu liwe na mtu mmoja, si lazima awe admini, ambaye kazi yake ni wageni. Mtu mpya akiingia, huyo amwandikie pembeni, mmoja kwa mmoja, amsalimie kwa namna ya kwao, amuulize analima nini na kuna jambo gani linalomsumbua sasa. Mengi yatatoka hapo ambayo yasingetoka mbele ya watu elfu moja. Kama mgeni anaridhia, huyo mwenyeji amuulizie swali kwenye grupu bila kumtaja jina. Chagueni mama au mzee mpole, msichague mjuzi kuliko wote, wajuzi wana haraka.

Mfundisheni kila anayejibu aulize kwanza: mmea una umri gani, tatizo limeanza upande gani wa shamba, umeweka nini na lini, maji yanatoka wapi. Picha iwe ya mmea mzima, ya jani kwa karibu, na ya mzizi. Mtu akiulizwa hayo anatambua kwamba anachukuliwa kwa uzito, na haya inapungua yenyewe. Ijumaa jioni mtu apitie maswali ya wiki aone ni yapi yalipita bila jibu, ayarudishe. Lile sharti la kujitambulisha ndani ya saa 24 lifuteni. Mkiogopa matapeli, zuieni matangazo ya biashara kwa wageni kwa miezi yao ya mwanzo, hiyo inawabana matapeli na haimgusi mwenye robo ekari.

Na mjue mwisho wa uwezo wenu. Glasi ya maji ilitosha kwa mnyauko wangu, haitoshi kwa kila kitu. Picha haipimi udongo. Kuna siku jibu sahihi la grupu ni “hili mpelekee afisa ugani” au “chukua sampuli upeleke TARI Uyole”, na admini mwenye busara amewahifadhi hao watu kwenye simu yake kabla hawajahitajika. Mwalikeni bwana shamba wa kata awemo. Akiwa hana muda wa kuandika, asome tu. Mtu mmoja anayesoma kimya kwa faida ya wengine tunamvumilia.

Kwangu nilivuna kilichobaki, hakikuwa kingi, na sehemu ile sasa ina mahindi. Mimi na mzee wa juu tulikubaliana kuhusu mfereji, hakuna kinachotupwa humo tena. Dada wa kitenge akamwandikia pembeni, kwa Kihehe, na siku hizi mzee anatuma sauti, fupi, zenye kikohozi mwanzoni. Wiki iliyopita alimwambia kijana mmoja aliyeingia juzi kwamba asipande miche karibukaribu hivyo, na kijana akashukuru.

Msimu wa vinyungu umeanza, na watu wanaunganishwa kwenye magrupu kila siku. Basi jioni ya leo, kabla hamjatuma tangazo la vifaranga, rudini nyuma kwenye mazungumzo ya wiki hii. Mtakuta swali la mtu lililopitiwa, huenda limeanza na samahani mbili tatu. Mjibuni. Akiwa ameshajitoa, ombeni namba yake kwa aliyemuunganisha, mumpigie.

Wenu katika jembe,

Mkulima wa nyanya,
Ilula, Kilolo, Iringa